Much, many, few, little: neno lipi la Kiingereza kwa “-ingi” na “kidogo”?

Maji yamekupwa Paje. Nahodha anataka kumwandikia mgeni kwamba bado kuna maji kidogo, chombo kinaelea, ateremke pwani. Akiandika “There is little water”, mgeni anaelewa kuwa maji ni haba, chombo kimelala mchangani, safari hakuna. Akiandika “There is a little water”, mgeni anaelewa kuwa maji yapo, si mengi lakini yanafaa, na anachukua taulo lake. Herufi moja tu imeamua kama safari ipo au haipo.

Kiswahili hutumia “-ingi”, “-chache” na “kidogo”, na mambo yanakwenda, kwa sababu ngeli na sauti ya msemaji humalizia kazi iliyobaki. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na kila neno lina mahali pake. Anayefundisha watoto skuli, anayetembeza wageni Mji Mkongwe na anayejibu ujumbe wa hoteli wote wanakutana na mtego ule ule. Hapa tumeyaweka maneno hayo mawili mawili, ili ukifika njia panda ujue pa kupita.

“Many” na “much”: iache ngeli, shika hesabu

Kanuni anaijua kila aliyekaa darasani: “many” ni kwa vitu vinavyohesabika, “much” ni kwa visivyohesabika. Tatizo ni kwamba kichwa chetu hupima kwa Kiswahili. Tunasema maji mengi, mafuta mengi, maziwa mengi, na kwa kuwa upatanisho huo unafanana na wa mayai mengi na maembe mengi, mkono unaandika “many waters”. Tunasema habari nyingi na mizigo mingi, basi unatoka na “many informations” na “many luggages”. Ngeli za Kiswahili hazina habari na jambo hili. Mchele mwingi na mchanga mwingi vitakupeleka pazuri, lakini ni bahati tu.

Kipimo ni hiki: lichukue neno la Kiingereza lenyewe, si la Kiswahili, ulitangulizie moja, mbili, tatu. “One egg, two eggs” inakwenda. “One rice, two rices” haiendi. Linalokwenda lipe “many”, lisilokwenda lipe “much”.

Shamba la viungo, kama yale ya Kizimbani na Kindichi, ni mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili, maana humo vyote vimechanganyika. Karafuu inahesabika: “many cloves”. Pilipili manga, “pepper”, haihesabiki, lakini pilipili ya kawaida ikiwa nzima inahesabika: “many chillies”. Mdalasini, manjano, tangawizi na basibasi, yaani “cinnamon”, “turmeric”, “ginger” na “mace”, hazihesabiki; ukitaka kuzihesabu lazima utangulize kipande: “two sticks of cinnamon”, “a piece of ginger”. Iliki nayo haihesabiki, ila maganda yake yanahesabika: “five cardamom pods”. Kungumanga ina tabia mbili: ikiwa kokwa nzima ni “two nutmegs”, ikishasagwa ni “a little nutmeg”. Muongozaji watalii akiyashika haya matano sita, siku yake nzima imenyooka.

Maneno yanayowaangusha watu mara nyingi ni haya:

| Tunachosema | Kinachokosewa | Kilicho sahihi |
|---|---|---|
| pesa nyingi | many moneys | a lot of money |
| taarifa nyingi | many informations | a lot of information |
| mizigo mingi ya safari | many luggages | a lot of luggage |
| samani nyingi | many furnitures | a lot of furniture |
| vifaa vingi vya kazi | many equipments | a lot of equipment |
| kazi nyingi za kufanya | many works | a lot of work |
| nywele nyingi | many hairs | a lot of hair |
| mikate mingi | many breads | a lot of bread, many loaves |
| mwani mwingi | many seaweeds | a lot of seaweed |

“Hairs” lipo, lakini ni unywele mmoja mmoja, kama ule uliouona kwenye supu. “Jobs” nalo lipo na linahesabika, ila ni ajira au kazi moja moja: “many jobs in hotels” ni nafasi nyingi za kazi mahotelini. Samaki wanahitaji uangalifu: baharini wanaohesabika ni “many fish”, bila “s”, sahanini wameshakuwa chakula, ni “a lot of fish”.

Pesa hazihesabiki ingawa shilingi zinahesabika, kwa hivyo “how much money” lakini “how many shillings”. Bei huulizwa kwa “how much” daima. Na mara si muda: “how many times” ni mara ngapi, “how much time” ni muda kiasi gani.

“Much” au “a lot of”?

Huenda umegundua kwamba jadwali hapo juu limejaa “a lot of” na “much” haimo. Sababu ni kwamba “much” peke yake katika sentensi ya kukubali inasikika nzito, kama hotuba. “I have much work” si kosa la sarufi, lakini Muingereza hasemi hivyo akiwa dukani. Anasema “I have a lot of work”. “Much” hukaa vizuri kwenye kukanusha na kuuliza: “I don't have much time”, “Is there much wind today?” Hukaa vizuri pia ikitanguliwa na “too”, “so”, “very” au “as”. “Many” haina uzito wa namna hiyo; “Many people in Pemba grow cloves” ni sentensi ya kawaida kabisa kwenye maandishi.

Kwa hivyo, ukiwa na haraka na huna hakika kama neno linahesabika, shika “a lot of”. Inabeba pande zote mbili. Kitenzi kinafuata nomino, si “lot”: “A lot of water is wasted”, “A lot of boats are late”. Usiandike “a lots of” wala “alot” kwa pamoja. Na nomino ikiondoka, “of” nayo iondoke: “Do you have seaweed?” “Yes, a lot.”

Tele, kibao, kadhaa

“Plenty of” ni tele. Ndani yake mna ile raha ya kwamba kipo na kinabaki: “Don't hurry, we have plenty of time”. Ndiyo maana haipendezi kwa mambo mabaya. Ajali hazisemwi “plenty of accidents”. Haichukui “a” mbele. “Lots of” ni kibao au chungu nzima, ya mazungumzo. Kwenye barua ya ofisi weka “a large number of” kwa vinavyohesabika na “a great deal of” kwa visivyohesabika.

“Several” ni kadhaa: zaidi ya viwili, si vingi. Tofauti yake na “a few” iko kwenye mkono wa msemaji. “A few” inapunguza, “several” inakuza kidogo. Mgeni akilalamika “I called several times”, anakuambia amepiga simu na kuchoka; angesema “a few times” hasira ingekuwa ndogo.

“A couple of” ni viwili, na wengine huitumia kwa viwili vitatu. Kwenye bei na idadi ya abiria usiitumie, andika tarakimu.

Haba na kidogo: “few, little” dhidi ya “a few, a little”

Hapa ndipo penye hasara ya kweli, na bahati njema ndipo lugha yetu inaposaidia kuliko kanuni yoyote ya kitabuni. Tuna neno haba. Kabla hujaandika, liweke “haba” mahali pa “kidogo” au “-chache”. Ikiwa sentensi bado inasema unachokusudia, “a” haihitajiki. Ikiwa imegeuka malalamiko usiyoyakusudia, weka “a”.

Chukua mtu aliyekwenda kuomba kazi ya mapokezi, anaulizwa kuhusu Kifaransa. Anataka kusema anajua kidogo, atajisaidia. “I speak a little French” ndiyo hiyo. Akisema “I speak little French” amesema Kifaransa chake ni haba, wasimtegemee. Hali ni hiyo hiyo kwa “I have little experience”: mwenye hoteli anafunga faili. “I have a little experience” ni afadhali, na “I have some experience” ni bora zaidi, kwa sababu “some” haijisifu wala haijidharau.

Kwa vinavyohesabika badilisha tu neno. “We have a few rooms left”: vyumba vichache vipo, karibu. “We have few rooms left”: vyumba ni haba, usitarajie. Wote wawili wanasema kweli, lakini wa pili amemfukuza mteja bila kujua.

Kuna sehemu tatu zinazokwenda kinyume na unavyotarajia. Ya kwanza ni “only”. Ingawa maana ni ya uchache, “a” inabaki: “only a few rooms”, “only a little water”. “Only few rooms” ni kosa linaloonekana kila siku. Ya pili ni “very”: hapo “a” haikai, ni “very few” na “very little”. Ya tatu inawashangaza wengi: “quite a few” si wachache, ni wengi. Tafsiri yake iliyo karibu kabisa ni si haba. “Quite a few people came” ni watu walikuja si haba.

Kitu kimoja zaidi kwa anayetaka Kiingereza chake kisikike cha kawaida: “few” na “little” bila “a” ni za maandishi zaidi. Mdomoni watu husema “not many” na “not much”. Nahodha wa Paje mwenye maji haba angesema “There isn't much water”, na hapo hatari ya kuidondosha “a” isingekuwepo kabisa. Kwa simu na ana kwa ana, hii ndiyo njia tunayoipendekeza.

Sana si “too”

Kwetu “sana” inasifu, inalalamika na inashukuru. Kiingereza kimetenga malalamiko peke yake. “Too” ni kupita kiasi, na daima kuna kitu kimeharibika au hakiwezekani. Usitumie “mno” kama kipimo, kwa sababu tunasema pia “mzuri mno” kwa kusifu. Tumia “kupita kiasi”. Kama maneno hayo hayakai kwenye sentensi yako ya Kiswahili, “too” nayo haikai kwenye ya Kiingereza.

“Zanzibar is too beautiful” inamuacha mgeni anangoja umalizie. “Thank you too much” anaielewa kwa huruma tu. Hizo hazina madhara. Lakini mapokezi akimwambia mgeni anayeingia “We have too many guests today”, amemwambia amekuwa mzigo. “We have a lot of guests today” ingesema nyumba imejaa na mambo ni mazuri. Kwa upande wa pili, mteja Forodhani akisema “There's too much chilli in this”, hasifu urojo wako. Hawezi kuula. Mtengenezee mwengine.

Mpangilio ni huu: “too” mbele ya sifa, “too much” mbele ya kisichohesabika, “too many” mbele ya kinachohesabika. Chai ni “too hot”, si “too much hot”; sukari kwenye chai ni “too much sugar”; vijiko vya sukari ni “too many spoons of sugar”. Ukitaka “sana” yenye hisia njema, tumia “so”: “so beautiful”, “so many dolphins”, “thank you so much”.

“Enough”, ya kutosha, hutangulia nomino na hufuata sifa: “enough water”, “deep enough”. Kosa la kawaida ni “enough deep”.

“Fewer” na “less”

Masika yakiingia, wageni hupungua: “fewer visitors”. Vuli ikiwa dhaifu, mvua ni “less rain”. Mgawanyo ni ule ule wa kuhesabika. Linalochanganya ni kwamba pesa, muda na masafa hushika “less” hata pakiwa na tarakimu: “less than 20,000 shillings”, “less than two hours”, “less than 50 kilometres”. Hatuhesabu shilingi moja moja wala kilomita moja moja. Tunachukua kipimo kizima kama kitu kimoja. Abiria tunawahesabu mmoja mmoja, kwa hivyo ni “fewer than 10 passengers”.

Wenyewe Waingereza wanavutana juu ya hili. Aliyeandika kwanza kwamba “fewer” inafaa zaidi kwa vinavyohesabika ni mwandishi Muingereza Robert Baker, mwaka 1770, na aliyasema kama pendeleo lake, si amri. Mwaka 2008 maduka makubwa ya Tesco ya Uingereza yalibadilisha mabango ya foleni ya malipo, “10 items or less”, yakaandika “up to 10 items”, na yakaukwepa ubishi. Utamsikia mgeni akisema “less people”. Usimsahihishe. Lakini kwenye mtihani andika “fewer people”, kwa sababu msahihishaji ndiye atakayetoa alama.

“Number”, “amount”, “most”

Haya ni ya ripoti na barua. “The amount of tourists” ni kosa. Watalii wanahesabika, ni “the number of tourists”. “Amount” ni ya pesa, maji, saruji. Halafu angalia kitenzi: “The number of boats is small”, lakini “A number of boats are late”. Na watu wengi wanaozidi nusu ni “most people”, au “most of the people” ukiwa na kundi maalumu. “Most of people” haipo.

Laki, dazeni, doti

Laki haimo katika Kiingereza cha Uingereza wala cha Marekani. India na Pakistan wanayo, na mgeni wa huko atakuelewa ukisema “lakh”, wengine hawatakuelewa. Laki tatu na nusu ni “three hundred and fifty thousand”. Zikitanguliwa na tarakimu, mia, elfu na milioni hazichukui “s”: “five hundred”, “two million shillings”. Bila tarakimu zinachukua, pamoja na “of”: “hundreds of people”, “thousands of clove trees”. Dazeni nayo ni hivyo: “a dozen eggs” bila “of”, “dozens of eggs” yenye “of”. Trei ya mayai 30 ni “a tray of 30 eggs”, na itaje hiyo 30, kwa sababu trei za kwao si lazima ziwe hivyo.

Mazoezi mazuri ya namba kubwa ni idadi ya watu wa Zanzibar katika sensa ya 2022, watu 1,889,773: “one million, eight hundred and eighty-nine thousand, seven hundred and seventy-three”. Mmarekani kwa kawaida huziacha hizo “and”. Tahadhari kwa wenye wateja Wataliani na Wajerumani: kwao elfu kumi huandikwa 10.000, na koma ni alama ya desimali. Bei ya maandishi iandike kwa maneno pia.

Doti ya kanga ni “a pair of kangas”. Ukisema “one kanga” kwa bei ya doti, mgeni atadhani ni kipande kimoja na ataona ghali. Sokoni Darajani, fungu la nyanya ni “a pile of tomatoes”, tita la kuni ni “a bundle of firewood”, chane ya ndizi wageni huiita “a bunch”. Pishi na kibaba usizifasiri. Pishi ni vibaba vinne, lakini ni kipimo cha ujazo, kwa hivyo pishi ya mchele na pishi ya karafuu hazilingani uzito. Pima, kisha umtajie kilo.

Thomu au karafuu?

Mapishi ya Kiingereza yana vipimo vyake. “A teaspoon” ni kijiko cha chai, mililita 5. “A tablespoon” ni kijiko kikubwa, mililita 15. “A pinch of salt” ni chumvi inayokamatwa na ncha za vidole viwili.

Hatari kwa jiko la Zanzibar iko kwenye “clove”. Neno hili ni karafuu, na pia ni punje moja ya kitunguu thomu (saumu). Ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu: la karafuu limetokana na neno la Kifaransa la msumari, kwa umbo lake, la thomu ni la Kiingereza cha kale, linahusu kitu kilichopasuka vipande. Pilau inavitaka vyote viwili, na mapishi mengi huandika kwa mkato. “6 cloves garlic, crushed” ni punje sita za thomu zilizopondwa, hata kama “of” haionekani. “6 whole cloves” ni karafuu sita nzima. Ukiona “peeled”, “crushed” au “minced” karibu na “cloves”, ni thomu, kwa sababu karafuu haimenywi. Ukiona “whole” au “ground”, na “garlic” haimo kwenye mstari huo, fungua kopo la karafuu.